Mchuzi Uliolala

Miaka thelathini na mmoja nimesoma nyama
pale Kiboriloni, kwa kisu na kwa jicho.
Ng'ombe wa zizini Kibosho namjua kwa mafuta yake,
unene wake, weupe wake, yanavyoganda ukutani mwa ndoo.
Yangu sikuwahi kuyapima.

Daktari wa Mawenzi alinyanyua kichupa dirishani:
damu imetuama chini,
na juu yake utando mzito, maziwa maziwa,
kama mchuzi uliolala sufuriani
asubuhi ya pili ya Krismasi.
"Mzee Ndekirwa," akasema, "hiki ni chako."
Nusura niulize bei ya kilo.

Akaniandikia kidonge cha usiku.
Lehemu ikashuka kama bei yangu inavyoshuka:
shilingi mia, tena kwa kununa.
Akaongeza chupa ya vitamini, niasini,
neno la kutamkwa taratibu kama jina la mkwe.
"Hiki na kile, tuone kama vitasaidiana.
Umeze ukishakula. Joto litakupanda usoni, usiogope.
Misuli ikiuma, usingoje, njoo.
Ini tutalipima.
Na usiniletee cha tatu humo ndani."
Alijuaje kwamba dada yangu Ndeshukuru
ananitwangia vitunguu saumu kwa kinu?

Jumamosi ile wakaja watu wa Machame
kumposa Aikande.
Mbege imechujwa, kisusio kinatoa mvuke,
na mbuzi niliyemchinja kwa mkono wangu
nikamla kwa macho.
Katika pilikapilika zile nilikuwa nimeimeza vitamini
kwa maji matupu, tumbo tupu.

Nikataja ng'ombe.
Nikataja mablanketi, debe la asali,
na fedha ambazo sitaziandika hapa.
Ndipo moto ukaanza kifuani,
ukapanda shingo, ukashika masikio,
ngozi inawasha kana kwamba nimelalia upupu,
jasho linadondoka kwenye bakuli.
Nikainamisha kichwa.

Mshenga wao, mwenye kofia ya sufi,
akawainamia wenzake, nami nikasikia:
"Mwacheni. Huyu ana haya.
Anajua alichokitaja."

Ningesema nini?
Kwamba ni vitamini?
Siku ya posa mtu afungue kinywa
awasomee wakwe hesabu ya damu yake,
waende zao wakiuliza nyumba hii ina maradhi gani?
Nikanyamaza. Wakapunguza.
Kaka yangu Elinami, kwa kunionea aibu, akapunguza tena.
Ng'ombe wawili wakatoka zizini kwangu
kabla hawajaingia,
wala hawakulia.

Jikoni, Mama Aikande alipojua
alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.
Halafu akaacha kucheka, akaihesabu ile chupa,
kidonge kimoja kimoja, juu ya meza,
kama mtu anayehesabu chenji ya mwizi.

Baada ya miezi mitatu, dirisha lilelile.
Juu ya damu sasa kuna maji ya njano,
unaona vidole vya daktari upande wa pili.
"Ile mbaya imeshuka. Nzuri imejikongoja juu kidogo.
Ini halijalalamika.
Tusishangilie bado, tutapima tena.
Kuna kingine kilichoshuka? Uzito? Hamu ya kula?"
Nikamwambia: mahari.

Aikande yuko Machame, ameolewa kwa bei ya vitamini,
na mkwewe ananiletea ndizi kila mwezi
kwa heshima ya mtu mwenye haya.
Sijamsahihisha.

Siku hizi nameza nikishakula, saa tatu usiku,
taa ikiwa imezimwa.
Joto likija, linakuja gizani.
Mke wangu hunyoosha mkono, akanigusa shavu,
akauacha hapo.
"Na leo," anauliza,
"unamwonea haya nani?"